Glezi ina nyufa na ukungu wa maziwa: je, niache friti ya boroni nitumie boraksi na magadi?

"Shikamoo mwalimu. Sisi ni kinamama sita, tunafinyanga vikombe na mabakuli hapa Morogoro kwa udongo mwekundu wa bondeni. Tuna tanuri dogo la umeme. Mchomo wa kwanza tunafika nyuzi 900, mchomo wa glezi tunafika 1,040. Glezi yetu ni friti 3134 sehemu 60, friti 3110 sehemu 30 na kaolini ya Pugu sehemu 10. Inang'aa vizuri, ila baada ya siku chache inatoka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na pale ilipokaa nene inafanya ukungu wa maziwa wenye ubuluu. Ndooni nako inaganda chini kama saruji. Friti inatoka nje na bei yake inatuumiza. Fundi mmoja katuambia boroni ni sumu, tuiache kabisa. Mwingine anasema boraksi ya masonara ni kitu kilekile na ni rahisi, tuichanganye na magadi, glezi itayeyuka tu. Tufuate lipi?"

Marahaba, na hongereni. Mmeniandikia vipimo, na hilo limenirahisishia kazi. Wengi huniandikia "glezi yangu inapasuka" wakaishia hapo.

Nianze na jibu lenyewe msije mkakaa na wasiwasi hadi mwisho. Friti ya boroni, yaani ule unga wa kioo chenye boroni ndani yake, msiiache. Yenye kosa ni ile ya pili, 3110, halafu kaolini, ule udongo mweupe, mliyoweka ni kidogo mno. Nyufa, ukungu na ile saruji ya ndooni, vyote vitatu mzizi wake uko humo. Boraksi ya sonara na magadi haviwezi kushika nafasi ya friti. Aliyewaambia hakuwadanganya, ila ameona upande mmoja wa jambo, na upande aliouacha ndio utakaowaharibia vyombo. Na kuhusu bei, ipo njia ya kupunguza friti kwa theluthi moja bila kuharibu glezi. Nitaifikia.

Kwanza tuelewane boroni inafanya nini. Glezi ni kioo kilichoyeyuka juu ya chombo kikagandia hapo. Kioo kinajengwa na silika, na silika peke yake haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,700. Tanuri lenu linaishia 1,040. Kwa hiyo lazima pawepo kitu cha kuilegeza silika mapema, na kitu hicho tunakiita kiyeyushi. Sodiamu ni kiyeyushi, potasiamu vilevile. Kalsiamu nayo, ingawa chini ya nyuzi 1,100 haina nguvu kubwa. Boroni ina tabia ya peke yake: oksaidi yake huyeyuka karibu na nyuzi 450 tu, na ikishayeyuka inajenga kioo yenyewe, bega kwa bega na silika. Viyeyushi vingine hukata viungo vya silika ili ilegee, na kila unapoviongeza kioo kinazidi kuwa dhaifu. Boroni inalegeza huku ikijenga. Jambo la pili, na kwenu ndilo kubwa zaidi, ni kwamba boroni ya kiasi haikifanyi kioo kutanuka sana kinapopata joto, wakati sodiamu inakitanua kuliko karibu kitu kingine chochote tunachotia kwenye glezi.

Kabla boroni haijazoeleka, kazi hii ya joto la chini ilifanywa na madini ya risasi. Risasi inayeyuka vizuri na inang'aa kwa namna ambayo macho yanaipenda, lakini iliua watu. Mwaka 1899 serikali ya Uingereza ilipokea ripoti ya wataalamu wawili, Thorpe na Oliver, kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya vyombo waliokuwa wakiugua kwa risasi ya glezi. Mexico hadi leo wapo wafinyanzi wanaotumia greta, ambayo ni oksaidi ya risasi, kwenye vyungu vya kupikia, na risasi hiyo inaonekana kwenye damu ya watoto wanaolishwa kutoka vyungu hivyo. Mtu akiwaambia mwache boroni, muulizeni mnaweka nini mahali pake kwa nyuzi 1,040. Nitalirudia suala la sumu baadaye, maana halistahili kupitwa juu juu.

Sasa boraksi. Ni kweli kabisa kwamba ndani ya boraksi kuna boroni, na viwanda vya friti huanza na boraksi au asidi ya boriki. Lakini angalieni wanachofanya nayo. Wanaichanganya na chokaa, silika na kaolini au feldispa, wanaviyeyusha vyote mpaka viwe kioo kimoja, wanakimwaga kikiwa cha moto kwenye maji baridi kikapasuka vipande vipande, kisha wanakisaga kuwa unga. Unga ule mnaoununua ni kioo tayari. Boroni imefungwa ndani yake, na maji ya ndooni hayawezi kuitoa isipokuwa kidogo sana.

Boraksi mbichi ni chumvi, inayeyuka kwenye maji kama sukari kwenye chai. Niliijaribu mwenyewe miaka mingi iliyopita, nilipokuwa naanza kufundisha, kwa sababu hiyohiyo ya bei. Jioni nilikoroga kwa maji ya moto, mchanganyiko ukawa laini kama uji wa mtoto, nikafurahi. Asubuhi, baada ya baridi ya usiku, nikakuta fuwele zenye ukubwa wa punje za mchele zimeota ubavuni mwa ndoo na chini. Nikachekecha. Fuwele zikabaki kwenye chekeche, nami nikazitupa, bila kujua kwamba nilichotupa ndicho kiyeyushi chenyewe. Vikombe nilivyochovya vilipokauka, kwenye midomo na kwenye mikono kulikuwa na utando mweupe mgumu, ukigusa kwa kucha unavunjika kama gamba la chumvi kwenye mabwawa ya pwani. Maji yanapotoka kwenye udongo huchukua chumvi yake hadi pale yanapokaukia, na hukauka upesi zaidi kwenye kingo. Tanurini midomo ikachemka povu, tumbo la kikombe likabaki kavu na la kukwaruza, na mahali ambapo udongo ulikunywa boraksi nyingi ukavimba. Juu ya hayo, karibu nusu ya uzito wa boraksi ya kawaida ni maji. Inapopata moto inaumuka kama andazi na kuisukuma glezi itoke kwenye chombo.

Sonara hapati shida hii kwa sababu anaiweka kavu ndani ya chungu cha kuyeyushia, haipiti ndooni wala haikai juu ya udongo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao vivyo hivyo. Kwao boraksi ni chombo sahihi kabisa. Yapo pia mawe yenye boroni yasiyoyeyuka kwenye maji, kolemanaiti kwa mfano, lakini hilo hutoa maji yake kwa ghafla likiwa tanurini na kurusha vipande vya glezi kwenye rafu. Sijaona sababu ya nyinyi kulihangaikia.

Magadi ni habari nyingine. Magadi ya Ziwa Natron au Ziwa Magadi ni chumvi ya sodiamu, boroni hamna humo. Yanayeyuka kwenye maji kama boraksi, kwa hiyo yatahamia kwenye midomo ya vikombe vilevile, na sodiamu yake itazidisha nyufa mnazozilalamikia. Wamisri wa kale walitumia chumvi za aina hii kwa ustadi mkubwa: waliichanganya moja kwa moja na mchanga uliosagwa, kitu kikikauka chumvi inahamia usoni, ikichomwa inakuwa glezi ing'aayo. Kile ambacho kwenye kikombe chenu ni kasoro, wao walikigeuza kuwa mbinu. Ila kitu walichokifinyanga kilikuwa mchanga karibu mtupu, ambao nao hutanuka sana, ndiyo maana glezi ya sodiamu ilikubali kukaa. Udongo wa bondeni hautanuki kiasi hicho. Na kabla hamjaniuliza, unga wa chupa zilizosagwa nao una sodiamu nyingi, utawarudisha kwenye nyufa zilezile.

Twende kwenye nyufa sasa. Tanuri linapopoa, udongo na glezi vyote vinanywea. Glezi ikinywea kuliko udongo inabaki fupi juu ya kitu kirefu. Mnajua ngozi ya ngoma inavyokauka ikajikaza juu ya mzinga. Ngozi inavumilia kwa sababu inavutika. Kioo hakivutiki. Kinavumilia kidogo, halafu kinakatika, na kukatika kwake ndiko mnakoona kama utando wa buibui. Mkiweka kikombe kilichotoka tanurini karibu na sikio mahali palipo kimya, mara nyingi mtasikia ting... ting... kwa muda mrefu. Ile ndiyo sauti ya glezi ikikatika.

Angalieni namba. Friti 3110 ina sodiamu takriban 15 katika kila 100, na boroni chini ya 3. Friti 3134 ina sodiamu kama 10, boroni 23, kalsiamu 20, na haina hata kidogo alumina, yaani oksaidi ya aluminiamu. Nimepiga hesabu ya glezi yenu nzima: sodiamu inakaribia 11, boroni kama 15, alumina kama 5 tu. Sodiamu ya 11 juu ya udongo mwekundu wa joto hili ni nyufa tu, sioni namna ya kuikwepa. Boroni mliyo nayo inajitahidi kuvuta upande wa pili, lakini imezidiwa.

Kuna sababu ya pili, nayo inaeleza kwa nini zinatokea baada ya siku chache badala ya siku ileile. Udongo wenu umechomwa kwa joto la chini, una matundu, unakunywa maji. Udongo wa namna hii ukinywa unyevu, hata ule wa hewani, unavimba kidogo sana, na kule kuvimba kunaivuta glezi iliyokuwa tayari imejikaza. Ikiwa glezi ilikuwa imebanwa vizuri tangu mwanzo, uvimbe huo inaumeza. Kama ilikuwa pembeni ya kukatika, inakatika.

Ukungu wa maziwa unatoka kwenye boroni na kalsiamu zikiwa nyingi pamoja huku alumina ikiwa chache. Kioo kinapopoa kinajitenga ndani kwa ndani, matone madogo sana ya aina moja ya kioo ndani ya aina nyingine, na matone hayo hutawanya nuru kama moshi wa kuni unavyoonekana na ubuluu ukiwa mbele ya giza. Juu ya udongo mwekundu unaonekana zaidi, na pale glezi ilipokaa nene zaidi tena. Alumina inazuia utengano huo kwa kukifanya kioo kiwe kizito kisiteleze, na alumina kwenu sehemu kubwa inatoka kwenye kaolini. Sehemu 10 hazitoshi. Wapo wanaoupenda ukungu huu kwa urembo, lakini ukiwa hujauomba ni kero, hasa ukiwa umechora ua chini yake.

Basi fanyeni hivi, kwa kuanzia na magunia mliyo nayo. Friti 3134 sehemu 60, kaolini mbichi sehemu 15, kaolini iliyochomwa sehemu 9, unga wa silika sehemu 15. Iliyochomwa ni ileile ya Pugu, mnaiweka kwenye bakuli la udongo ndani ya mchomo wa kwanza, inatoa maji yake na kupoteza kama 14 katika 100 ya uzito. Sababu ya kuigawa ni kwamba kaolini mbichi ikizidi, glezi inanywea sana inapokauka, inapasuka ikiwa bado unga, na tanurini inajikunja vibonge vibonge. Hesabu ya mchanganyiko huu ni tamu: sodiamu inashuka hadi kama 6, boroni inabaki 14, alumina inapanda hadi 9 na ushee. Hapo mnakuwa karibu sana na friti 3124, ambayo kiwanda huiuza ikiwa imekamilika. Na friti mnayotumia imetoka sehemu 90 hadi 60. Theluthi nzima ya gharama ya gunia imebadilishwa na kaolini na silika.

Ila nisiwafiche. Friti 3124 imeshayeyushwa kiwandani, mchanganyiko wenu bado. Silika na kaolini mlizoongeza zinapaswa kuyeyuka ndani ya tanuri lenu. Kwa hiyo 1,040 huenda ikatoa glezi yenye vitundu au isiyong'aa sawasawa. Pandisheni hadi 1,060 na mlishikilie tanuri hapo dakika 15 au 20. Silika iwe unga laini kama wa ngano, si mchanga. Na kaolini ya Pugu, kama mnaichota mbichi, ina mchanga mwingi, maana jiwe lenyewe la Pugu ni mchanga uliokamatana na kaolini. Ikorogeni ndani ya pipa la maji, iacheni dakika mbili tatu mchanga utue, mmimine maji meupe kwenye chombo kingine, hayo ndiyo kaolini. Msipofanya hivyo, sehemu 15 zenu zinaweza kuwa 8 za kaolini na 7 za mchanga, na mimi nitakuwa nimewapa hesabu ya bure.

Njia ya pili ni rahisi kwa mikono na ghali kwa mfuko: friti 3195 sehemu 85 na kaolini 15. Friti hiyo ina boroni takriban 23 kama 3134, lakini ina alumina 12 na sodiamu chini ya 6. Glezi inakuwa na sodiamu kama 5 na alumina karibu 16. Inayeyuka vizuri kati ya 1,000 na 1,060, ukungu unapungua sana, na ndooni inatulia. Mimi binafsi nikifundisha wanaoanza huanza na hii, kwa sababu ina makosa machache. Kwa kikundi kinachouza na kinachohesabu senti, ningeanza na ile ya kwanza na kuweka kilo mbili tatu za 3195 pembeni za kufanyia majaribio. Ile 3110 msiitupe. Siku mtakapotaka chombo cha mapambo chenye nyufa za makusudi zilizopakwa wino, itawafaa.

Kuna kitu kingine kwenye barua yenu kilinishtua kidogo, nacho ni mchomo wa kwanza wa 900. Udongo uliochomwa 900 bado una gesi nyingi za kutoa. Zinatoka wakati wa mchomo wa pili, glezi ikiwa tayari imeyeyuka juu yake, na friti ya boroni huyeyuka mapema na kuziba njia. Matokeo yake ni viputo na vitundu kama vya sindano. Vilevile chombo cha 900 kinakunywa maji kwa kasi, mnajikuta mmechovya glezi nene bila kutaka, na glezi nene hupasuka upesi na kufanya ukungu zaidi. Pandisheni mchomo wa kwanza hadi 1,040 au 1,060, taratibu kati ya 700 na 900, tundu la tanuri likiwa wazi. Chombo kitapunguza kunywa maji, basi fanyeni glezi iwe nzito kidogo: lita moja iwe na uzito wa gramu 1,450 hivi, mchovye kwa kuhesabu hadi tatu, na tabaka likikauka lisizidi nusu milimita. Kwaruzeni kwa sindano mahali pa siri mwone.

Kabla ya kupandisha joto, hakikisheni udongo wenu unalihimili. Fanyeni kipande kirefu kama rula, kilazwe juu ya vijiti viwili mwanzo na mwisho, kikifika 1,080 bila kupinda katikati mko salama. Na namba ya kwenye kidude cha tanuri msiiamini peke yake. Waya wa kupimia joto huchakaa ukasema uongo. Koni mbili za kupimia, vipande vinavyolainika na kupinda joto lake likifika, 06 na 04, mkizisimamisha kwenye rafu zitawaambia ukweli: ya kwanza hulala karibu na nyuzi 1,000, ya pili karibu na 1,060, kutegemea kasi ya moto.

Saruji ya ndooni haina siri kubwa. Unga wa kioo ni mzito na hauna utelezi, usipopata udongo wa kuubeba unazama na kujipanga chini. Tena friti huachia sodiamu kidogo kidogo ndani ya maji, na sodiamu hiyo huzitenganisha chembe zizame zikiwa zimebanana. Kaolini mliyoongeza itasaidia sana. Ikibaki tatizo, nunueni chumvi ya Epsom duka la dawa, myeyushe gramu moja au mbili kwa maji ya moto kwa kila kilo ya glezi kavu, mtie kidogo kidogo mkikoroga. Mtaona inageuka kutoka maji maji kuwa kama mtindi mwepesi. Hapo iacheni.

Halafu msiuze kabla ya kujaribu. Chukueni vigae sita vya majaribio, visiwe bapa, viwe na mkunjo kama kipande cha kikombe. Vichemsheni dakika tatu, vitoeni mvitumbukize kwenye maji ya barafu, rudieni mara tatu. Kisha futeni juu yake kwa wino wa kalamu na mpanguse. Wino ukibaki kwenye mistari, nyufa zipo hata kama macho hayazioni. Kama bado zipo, ongezeni silika sehemu 5 mchome tena. Kitu cha pili cha kufanya ni kuuongezea udongo wenyewe unga laini wa chokaa isiyochomwa, sehemu 5 hadi 10, ili nao unywee zaidi ukikutana na glezi njiani. Lakini chokaa yenye punje hulipuka kwenye ukuta wa chombo wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo ichekecheni vizuri sana au msiitie.

Sasa sumu. Fundi wenu ana hofu yenye msingi, tuipe haki yake. Boraksi na asidi ya boriki zikiwa unga mbichi, zikiingia mwilini kwa wingi, zinahofiwa kudhuru uzazi, na Ulaya zimewekwa kwenye orodha ya kemikali za namna hiyo. Kwa kikundi cha kinamama hilo ni sababu nyingine ya kutoshika boraksi mbichi, hasa mjamzito. Upande wa pili, boroni ipo kwenye matunda na karanga tunazokula, na Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi miligramu 2.4 katika lita moja ya maji ya kunywa. Boroni iliyofungwa ndani ya kioo chenye silika na alumina ya kutosha inatoka kidogo mno kuwa tishio. Glezi yenu ya sasa, yenye alumina kidogo, ndiyo inayolegea mbele ya ndimu na siki. Kwa hiyo dawa ileile ya nyufa inatibu na hili.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vitu vingine. Hakikisheni karatasi ya gunia inasema friti haina risasi, maana friti za risasi zipo na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Msitie rangi ya shaba ndani ya bakuli la chakula. Shaba kwenye glezi laini ya boroni hutoka kwa urahisi ikikutana na uchachu. Laza kipande cha ndimu ndani ya bakuli usiku kucha: asubuhi ukikuta doa au mng'ao umefifia, bakuli hilo ni la mapambo. Usipoona kitu, bado hujapata uthibitisho, umepata ruhusa ya kwenda hatua ya pili tu. Na vumbi. Silika, kaolini na friti vikivutwa kwa miaka vinaharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibiwa na silika hayaponi. Vaeni barakoa ya vumbi laini, kitambaa hakizuii. Pimeni unga mahali pasipo na watoto, futeni meza kwa tambara bichi, msifagie.

Kuhusu bei, zaidi ya ile theluthi, ipo njia ambayo wafinyanzi wengi wanaidharau: pakeni glezi ndani na mdomoni tu. Nje ya kikombe isugueni kwa kokoto laini udongo ukiwa bado haujakauka kabisa, kama wanavyosugua vyungu vyao bibi zetu, ing'ae kwa udongo wake. Glezi inakwenda nusu, na chombo kinakuwa na sura yake. Ila jueni kwamba kikombe chenye glezi ndani tu kitapata nyufa upesi zaidi kama kitalowekwa, kwa hiyo mwambieni mnunuzi asikilaze kwenye beseni usiku kucha. Kununua gunia zima la kilo 25 pamoja na vikundi viwili vitatu vya jirani kunashusha bei ya kilo kuliko kununua paketi. Kutengeneza friti yenu wenyewe kwa boraksi ya sonara kunawezekana, lakini kunahitaji chungu kinachohimili nyuzi 1,200, kumimina kioo cha moto ndani ya maji, na mashine ya kusagia. Nimeona maji yakiruka na kumuunguza mtu mkono. Kwa tanuri dogo la umeme siwashauri.

Mahali ninapofika mwisho wa uwezo wa barua ni hapa. Kama mkibadilisha glezi mara tatu na nyufa bado zipo, tatizo liko kwenye udongo, na lazima mtu aushike, auchome na kupima unakunywa maji kiasi gani. Tafuteni mwalimu wa ufinyanzi mwenye tanuri, mpelekeeni kilo tano za udongo mbichi na vigae vyenu vyote, vilivyoharibika vikiwemo, kila kimoja kimeandikwa mgongoni. Mkitaka kuuza vyombo vya chakula kwa hoteli au madukani, waulizeni Shirika la Viwango Tanzania au Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali namna ya kupeleka sampuli. Kipimo cha kawaida ni kujaza chombo asidi ya asetiki ya asilimia 4 kwa saa 24, kisha kutafuta risasi na kadimiamu iliyotoka. Na kati yenu sita, mwenye kikohozi kikavu kisichoisha au anayeishiwa pumzi akipanda mlima, aende hospitali wiki hii, amwambie daktari kwamba anafanya kazi na vumbi la silika, kwa sababu asipoambiwa hatafikiria kuuliza.

Nitumieni vigae sita vya kwanza vikishatoka kwenye maji ya barafu, hata vikiwa na nyufa.